Niliyojifunza Kando ya Kitanda cha Mzee

Kwa miaka kadhaa niliitwa "mtumishi" kabla sijawahi kumtumikia mtu yeyote kwa mikono yangu. Niliongoza vijana katika usharika wetu, nilisimama mbele ya watu kila juma, niliomba kwa sauti iliyosikika hadi nyuma, na wale walioniita mtumishi walinisalimia kwa heshima, nami nikaitika bila kujiuliza jina hilo linanidai nini. Kiswahili chenyewe kilikuwa kinanionya, laiti ningekisikiliza. Mtume, mtumwa na mtumishi ni watoto wa kitenzi kimoja, kutuma, na Paulo anapouanza waraka wake kwa Warumi anajitaja kwanza kuwa mtumwa wa Kristo Yesu, ndipo anaposema kwamba ameitwa kuwa mtume. Mtu anayetumwa huenda anakotumwa, hata kama huko hakuna wa kumwona. Mimi nilikuwa nimelipokea jina na kuiacha kazi yake.

Mzee mmoja wa kanisa letu, ambaye kwa muda mrefu alikuwa mwalimu wetu wa Biblia, alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulipooza na usemi ukamtoka. Alitoka hospitalini akiwa hai, lakini maisha yake yote yalikuwa yamehamia kitandani, chini ya uangalizi wa mke wake, ambaye naye hakuwa kijana. Niliwakusanya vijana kama kumi na wawili, tukaenda kumtembelea. Tuliimba nyimbo tatu, tukasoma zaburi, tukaomba kwa zamu, na tulipoanza kutafuta viatu vyetu nilikuwa nimeridhika moyoni kwamba tumefanya jambo jema. Mama alitusindikiza hadi mlangoni, akanigusa bega.

"Mwanangu, mmeimba vizuri, Mungu awabariki," alisema. "Ila kabla hamjaondoka, naomba wawili wenu wabaki wanisaidie kumgeuza. Tangu alfajiri amelalia upande mmoja, na mimi peke yangu leo sikuweza."

Vijana wote walinitazama mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa kiongozi. Nilibaki, na pamoja nami akabaki kijana mmoja wa miaka kumi na saba aliyekuwa amesimama karibu yangu. Tulikuwa tumekaa chumbani mle karibu saa nzima, tumemwimbia mtu anayeumia ubavu, wala hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kuuliza.

Yaliyofuata nayakumbuka kwa utaratibu wake. Mama hakuanza kwa kumshika mumewe. Alizunguka kitanda hadi pale ambapo macho ya mzee yangeweza kumwona, akainama, akasema, "Baba, sasa tunakugeuza upande wa ukuta." Kisha akangoja. Mzee alifumba macho na kuyafumbua, na hapo ndipo Mama alipotuelekeza tushike shuka lililokunjwa chini ya kiuno na mabega yake, tulivute kwa pamoja, ili ngozi isiburuzike juu ya godoro. Alitukataza kuuvuta ule mkono uliopooza, kwa sababu bega lisilo na nguvu ya misuli hutenguka kwa urahisi na maumivu yake hayaishi upesi. Aliweka mto nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti, akanyanyua visigino visiguse godoro. Mwisho alipitisha kiganja chake juu ya nyonga ile iliyokuwa imelaliwa tangu alfajiri, akitafuta mahali palipobadilika rangi au penye joto kuliko pengine, maana kidonda cha kulala huanza hivyo, kimyakimya, na kikishafunguka huchukua miezi kupona. Alituambia kwamba mgonjwa wa namna hiyo hupaswa kugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Nilifanya hesabu kichwani, nikatambua kwamba mwanamke yule hakuwa amelala usiku mzima hata mara moja tangu mumewe arudi nyumbani.

Tukaanza kwenda, mimi na yule kijana, jioni mbili kila juma. Tulijifunza kumkalisha wima kabla ya kumlisha, kumpa kijiko kidogo, kungoja hadi ameze kabisa ndipo tumpe kingine, na kumwacha wima kwa nusu saa baada ya kula, kwa sababu koo lililodhoofishwa na kiharusi huweza kupeleka chakula mapafuni. Tulijifunza kumwosha sehemu moja baada ya nyingine huku mwili uliobaki ukiwa umefunikwa. Haya si mambo ya kiroho kwa namna nilivyokuwa nimezoea kulitumia neno hilo. Lakini nilipoirudia sura ya kumi na tatu ya Injili ya Yohana katika siku hizo, niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona katika masomo yote niliyokuwa nimeyafundisha kutoka sura hiyo: mwandishi haendi mbio. Anasema Yesu aliondoka chakulani, akaweka kando mavazi yake, akatwaa kitambaa, akajifunga kiunoni, akatia maji chomboni, akaanza kuwatawadha wanafunzi miguu na kuwafuta kwa kile kitambaa. Kila tendo limepewa nafasi yake. Aliyekuwepo aliyakumbuka matendo ya mikono ile kwa utaratibu wake, kama mimi ninavyoikumbuka mikono ya Mama. Tena Yuda alikuwa bado yumo chumbani, kwa kuwa alitoka usiku baada ya hapo; miguu iliyotawadhwa jioni ile ilijumuisha na ile iliyokuwa karibu kwenda kumsaliti.

Sasa nifike mahali ambapo ni vigumu kwangu kupasimulia.

Baada ya miezi mitatu hivi nilipewa nafasi ya kuhubiri, na somo lilikuwa utumishi. Nilitafuta mfano, na mfano uliokuwa karibu ulikuwa ule. Nilisimama mimbarani nikaeleza jinsi ninavyomwosha mwalimu wetu wa zamani, jinsi mtu aliyetufundisha Maandiko kwa ufasaha sasa asivyoweza kuomba hata maji, na nikaendelea hadi kwenye mambo ya mwili wake ambayo siyarudii hapa. Nilipofika pale nilipunguza sauti, kwa kuwa nilijua kwamba sauti ikipungua watu husikiliza zaidi. Wengine walilia. Wengi waliitikia "Amina" kwa nguvu, na baada ya ibada watu walinishika mkono wakaniambia kwamba mimi ni kielelezo.

Siku mbili baadaye nilikwenda kwa mzee kama kawaida. Mama alinifungulia mlango, lakini hakunikaribisha ndani mara moja.

"Mwanangu," alisema, "mume wangu alipoteza ulimi, hakupoteza masikio. Watu wamekuja hapa kumpa pole kwa mambo ambayo mimi sikuyasema hata kwa dada yangu wa tumbo moja. Tangu walipoondoka anatazama ukuta."

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani, na kama mambo yangeishia hapo, labda ningelitubia kosa lile kama kosa la mdomo tu, kisha nikaendelea. Lakini Jumapili iliyofuata nilikuwa nikipita uani kanisani nikamsikia yule kijana akiwasimulia wenzake habari za mzee. Alisema maneno yangu. Alinyanyua mkono kama mimi ninavyounyanyua. Alipofika pale nilipokuwa nimepunguza sauti, naye akapunguza sauti. Wenzake walimtazama kwa heshima, na nikaona usoni mwake kuridhika ambako nilikujua vizuri, kwa kuwa kulikuwa kwangu.

Huo ndio ulikuwa ushawishi wangu, niliouona kwa macho kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nikiwaombea vijana wale kwa miaka, nikimwomba Mungu anifanye kielelezo kwao, na kumbe nilikuwa kielelezo siku zote. Kijana alijifunza kwangu kushika shuka, na siku zilezile, kwa mwalimu yuleyule, alijifunza kuigeuza aibu ya mtu mwingine kuwa sifa yake mwenyewe. Hakuchagua lile jema akaacha lile baya. Anayetufuata hutuchukua wazima, pamoja na yale tusiyojua kwamba tunayafundisha, na ninaamini hilo ndilo linalolifanya neno la Paulo kwa Wakorintho kuwa zito, anapowaambia wamfuate yeye kama yeye anavyomfuata Kristo. Sehemu ya pili ya sentensi ile ndiyo inayoibeba ile ya kwanza.

Nilihangaika kwa siku kadhaa na hotuba ya Mlimani. Katika sura ya tano ya Mathayo Bwana anasema, "Vivyo hivyo nuru yenu na iangaze mbele ya watu, wapate kuyaona matendo yenu mema, wamtukuze Baba yenu aliye mbinguni." Katika sura ya sita, katika hotuba ileile, anaonya tusifanye wema wetu machoni pa watu ili tutazamwe nao, na anasema kuhusu sadaka kwamba hata mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Nilikuwa nimeyahubiri mafungu yote mawili kwa nyakati tofauti, wala sikuwahi kuyaweka pamoja mezani. Ni kweli kwamba nuru inapaswa kuonekana. Lakini taa ikiwashwa chumbani, mtu aliye timamu haitazami taa. Anatazama vile alivyokuwa akivitafuta gizani. Watu waliotoka kanisani siku ile walikuwa wameniona mimi. Kama ningetumika sawasawa, wangemwona mzee: hali yake, mahitaji yake, uchovu wa mkewe, na labda mmoja wao angeuliza siku gani anaweza kuja kusaidia. Hakuna aliyeuliza. Walilia na kwenda zao. Tangu wakati huo nimekuwa nikilipima kila jambo ninalotaka kusema hadharani juu ya huduma kwa swali hilo: wakishasikia, watamtazama nani?

Nilirudi kwa mzee. Safari hii nilizunguka kitanda kama Mama alivyotufundisha, nikakaa pale ambapo angeniona, nikazungumza naye mwenyewe, maana nilikuwa nimejizoeza, bila kujua, kuzungumza na Mama juu yake kana kwamba hayupo. Nilimwambia nilichofanya kwa jina lake halisi, bila kukipamba, nikamwomba anisamehe. Alifumba macho kwa muda mrefu. Nilidhani ananiondoa. Kisha mkono wake wa kushoto, ule wenye nguvu, ukatoka chini ya shuka, ukaushika mkono wa kulia uliopooza, ukausogeza polepole juu ya godoro hadi kwangu, karibu na kile kitambaa cha kuoshea nilichokuwa nimekiweka kando. Vidole vya mkono ule vilikuwa vimejikunja, kama vinavyojikunja baada ya kiharusi, na ili kuviosha ilibidi kuvifungua kimoja kimoja, taratibu, hadi kiganja kionekane. Niliuosha mkono ule, naye alinitazama muda wote.

Petro alikataa kutawadhwa, na Bwana akamjibu, "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami." Kwa miaka mingi nililisoma fungu hilo nikiwa upande wa yule anayeosha. Kando ya kitanda kile nilielewa kwamba kazi ngumu zaidi chumbani ilikuwa ya mzee. Mimi nilihitaji jioni mbili na nguvu kidogo ya mgongo. Yeye alihitaji unyenyekevu wa kumruhusu mtu aliyemwaibisha amguse tena. Alinitumikia kwa namna ambayo sikuweza kumlipa, na alifanya hivyo kwa mkono mmoja.

Yule kijana nilimtafuta jioni ileile. Nilimwambia kwamba nilimsikia uani, kwamba maneno yale alijifunza kwangu, na kwamba mimi ndiye niliyekosa kwanza. Aliona haya sana, na kwa majuma matatu hakuonekana. Baadhi ya viongozi wenzangu walisema nimwache, maana asiyeweza kulinda siri hafai kuingia vyumbani mwa wagonjwa. Nilimkumbuka Yohana aitwaye Marko, aliyewaacha Paulo na Barnaba njiani, hata Paulo akakataa kumchukua tena, na mashindano yakawa makali kiasi cha kuwatenganisha wawili hao. Barnaba alimchukua Marko wakaenda Kipro. Kitabu cha Matendo hakimfuati Barnaba tena baada ya hapo, lakini miaka mingi baadaye Paulo anamwandikia Timotheo amlete Marko, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Nilijua vilevile kwamba kijana huyu hakustahili kutupwa kwa kosa ambalo mimi nilikuwa nimesamehewa. Nilikwenda kwao mara mbili. Mara ya pili alikubali kurudi, na siku aliyorudi Mama alimpa mto aushike, kama vile hakuwahi kukosekana.

Kuna kosa jingine ambalo lilichelewa kunifunukia. Nilikuwa nimeikumbatia kazi ile kana kwamba ni yangu. Nilikuwa nikienda hata nikiwa nimechoka, na usiku mmoja, kwa uchovu, nilimgeuza mzee kwa pupa bila kumwambia kwanza, naye akatoa sauti ya maumivu ambayo bado naisikia. Mitume walipoona wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, hawakujibebesha mzigo ule pia. Waliwaambia ndugu wachague watu saba wenye kushuhudiwa wema, na wa kwanza kutajwa kati yao ni Stefano, yule aliyekuja kuuawa kwa ajili ya imani, ambaye uongozi wake ulianzia kwenye kuhudumu mezani. Tukaandika zamu. Safari hii tulimwuliza Mama, naye akamwuliza mzee kwanza, ni nani angependa waingie chumbani na nani angependa wasaidie nje. Wengine walifua mashuka, wengine walichota maji, na wanne walifundishwa kugeuza. Kilichonishangaza ni kile Mama alichokiomba tulipomwuliza anahitaji nini zaidi. Hakutaja dawa wala fedha. Alisema angependa kulala kuanzia jioni hadi asubuhi, mara moja kwa juma, katika chumba kingine, huku mlango umefungwa. Tulikuwa tumemhudumia mgonjwa kwa miezi mingi, na aliyekuwa akizama alikuwa ni yule anayetufungulia mlango.

Mzee alifariki baada ya takriban miaka miwili, akiwa hana kidonda hata kimoja mwilini. Jambo hilo ni dogo kwa asiyelijua. Kwa anayelijua, ni maelfu ya safari za kuamka usiku, na nyingi kati ya hizo ni za Mama peke yake. Nilipoombwa kusema maneno machache siku ya maziko, nilitaja mambo aliyotufundisha alipokuwa na usemi wake, nikaketi. Nilikuwa nikimfikiria Tabitha wa Yafa, aitwaye Dorkasi. Maandiko hayakutuhifadhia hata neno moja alilolisema. Yanasema tu kwamba alijaa matendo mema na sadaka, na alipokufa wajane walisimama karibu na Petro wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizokuwa amewashonea alipokuwa pamoja nao. Mahubiri ya mwanamke yule yalikuwa yamevaliwa na watu.

Miaka imepita tangu hapo. Si zamani sana, mama mmoja wa usharika alivunjika nyonga, nami nikaenda kumwona. Nilipoingia nilimkuta kijana yule, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye familia yake, amekunja mikono ya shati. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba huwa anakwenda pale. Mimi mwenyewe sikujua. Pamoja naye alikuwapo msichana mdogo wa nyumba ile, mjukuu wa mgonjwa, aliyekuwa ameshika ncha ya shuka kwa mikono miwili na kumtazama kwa makini.

Alizunguka kitanda hadi pale ambapo macho ya yule mama yangeweza kumwona, akainama, akasema, "Mama, sasa tunakugeuza upande wa dirisha." Kisha akangoja. Msichana naye akangoja. Yule mama alipoitikia kwa kichwa, ndipo yule kijana aliponiona nimesimama mlangoni.

"Kaka, karibu," alisema kwa sauti ya chini. "Hebu nishikie mto huu."

Niliushika, nikasimama nyuma yake nikisubiri aniambie niuweke lini.